Kuku wa Fundi

Nyuma ya msikiti, pale ambapo moshi umeupaka ukuta weusi mpaka chokaa imesahaulika, palikuwa na jiko la wenye njaa. Halikuwa na kibao wala mlinzi. Aliyejua alijua: ikishaswaliwa adhuhuri, zunguka nyuma, jipange kando ya ukuta, uje na njaa yako tu, sahani utaikuta hapo hapo. Hakuna atakayekuuliza wewe mtoto wa nani, wala mbona jana ulikuwa hapa na leo umerudi.

Mwenye jiko hilo walimwita Bi Upawa. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, lakini ungemwita kwa hilo angegeuka kutazama ni nani anayeitwa. Alikuwa mwanamke mpana, mjane, mwenye sauti ya kuvuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Mchele waliutoa wenye maduka, maharage waliyatoa wenye ghala, na seremala wa jirani aliwatupia mabaki ya mbao ya kuwashia moto. Lakini kuamka alfajiri, kuchambua maharage, kuinua sufuria ambalo mtu mzima angeweza kuogea, hayo yalikuwa yake na wachache waliokuja kumsaidia kwa ajili ya Mungu.

Jiko alilirithi kwa mama yake, na pamoja na jiko alirithi neno. Mama yake alikuwa akisema, "Chakula cha sadaka kina mwenyewe, na mwenyewe ni mwenye njaa. Mpishi akionja, na ateme." Bi Upawa alilishika neno hilo kama mtu anavyoshika mkono wa mtoto sokoni. Chumvi aliionja kwa ncha ya ulimi, akatema kwenye majivu, akasukutua kwa maji. Na kila aliyekuja kumsaidia aliambiwa siku ya kwanza: hapa anayepakua hali. Ukimaliza kazi, nenda kwako ukale cha kwako.

Imamu aliwahi kumwambia, kwa upole, maana Bi Upawa hakuwa mtu wa kuambiwa kwa nguvu, "Bibi, hii ni sadaka tu, si zaka. Mtu aliyeshinda juani akila matonge mawili hajamdhulumu yeyote."

"Shekhe," alijibu huku anakoroga, "wewe tuswalishe. Sufuria niachie mimi."

Imamu akacheka, akaenda zake. Laiti siku ile asingecheka.

Sasa mjue Fundi alikuwa nani. Alikuwa mshonaji. Kwa muda mrefu mtaa mzima ulivaa mikono yake: sare za shule, kanzu za Ijumaa, magauni ya maharusi. Alikuwa na tabia ya kukupima kwa macho unapopita, ukirudi na kitambaa anakwambia, "Umenenepa tangu juzi." Kisha nguo za mitumba zikaingia kwa wingi, na nyuma yake zikaja zile zilizokwisha kushonwa kiwandani, na baada ya hapo macho yake yakaingia ukungu, mtoto wa jicho. Mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki. Mwanawe wa pekee alikuwa ng'ambo, na watu wakisikia mtu ana mtoto ng'ambo humaliza mambo yake yote vichwani mwao: huyu kashiba, huyu katulia. Kumbe mwanawe hata salamu alikuwa ameacha kuleta.

Siku Fundi alipokuja jikoni, alikuja kula. Nalisema mapema ili lisiwasumbue. Alikuja kula kama wengine wote. Alikuwa ameipiga pasi kanzu yake, akavaa kofia safi, akajipanga kando ya ukuta na kutazama vidole vya miguu yake, huku foleni ikimsogeza kidogo kidogo kuelekea kwenye harufu ya maharage.

Bi Upawa alimwona akiwa bado mbali. Akaacha kupakua.

"Fundi! Ni wewe huyo? Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nilikuwa..."

"Najua ulikuwa unataka kutuona. Ndiyo usimame juani kama mtu asiye na kwao?"

"Sisi wenye kwetu tuendelee tu kusimama?" akauliza mtu mmoja wa foleni, na watu wakacheka.

"Nyie mna njaa, na njaa inajua kusimama. Huyu ni mgeni wangu." Alikwisha kufika. Alimshika pindo la mkono wa kanzu, kama binti anavyomshika baba yake, akamtoa kwenye foleni mbele ya macho ya wote. "Mnamjua huyu? Huyu ndiye aliyenishonea gauni langu la harusi. Mpaka leo lipo, halijaachia hata uzi. Mimi tu ndiye limenikataa."

"Na hii suruali kaitia kiraka yeye," akasema mwingine nyuma, akageuka kuonyesha mahali pa kiraka, watu wakaangua kicheko tena.

Fundi naye alicheka. Angefanya nini? Mtu akikuvisha heshima mbele za watu huwezi kuivua papo hapo ukasema, samahani, mimi nilitaka sahani. Bi Upawa alimfunga aproni kiunoni kwa mkono wake mwenyewe, akampa upawa, akamsimamisha kwenye sufuria la maharage. "Tubariki, Baba. Pakua hata sahani chache."

Akapakua mpaka mtu wa mwisho. Na alipakua vizuri, kwa mkono uliozoea kipimo: hakuna aliyezidishiwa, hakuna aliyepunjwa. Tena hakumtazama mtu usoni. Alitazama sahani tu. Bi Upawa alidhani ni yale macho yake mabovu.

Kazi ilipokwisha, Kinyozi akavuta sufuria la wali aloweke. Kinyozi huyu alikuwa na kibanda chake ubavuni mwa msikiti, na kila siku aliwaacha wateja wake na vichwa nusu nusu, akaja kusugua masufuria. Alikuwa ameinua ndoo ya maji Fundi alipomshika mkono.

"Usimwage kwanza. Huo ukoko mnaupeleka wapi?"

"Ukoko? Unalowa, unakwanguliwa, unatupwa."

"Basi nipeni. Nina kuku pale nyumbani."

"Wewe, kuku?" Bi Upawa alishangaa. "Fundi, hujapata kufuga hata paka."

"Uzee, mwanangu. Mtu anatafuta wa kuzungumza naye."

Wakaubandua ukoko, ile kahawia yote ya chini iliyoshikana na kukauka, wakamtilia kwenye mfuko. Akashukuru, akaondoka, na Bi Upawa akamsindikiza kwa macho, moyo wake umejaa. "Watu wa zamani," alimwambia Kinyozi. "Hawana haja ya kitu, lakini wanakuja kuhudumu."

Fundi akarudi kesho yake. Pengine alirudi akiwa na nia ya kusimama kwenye foleni, nani ajuaye, lakini aproni ilikuwa inamsubiri msumarini, na watu wa foleni wakamwamkia, "Shikamoo, Fundi, leo nipe ya chini yenye mchuzi." Njia ya kwenda kwenye sahani ilikuwa imefungwa, na aliyeifunga ni mtu aliyempenda. Basi ikawa kila siku anakuja, anapakua, anaondoka na mfuko wa kuku.

Kuku hao wakawa maarufu. Kinyozi hakuwaacha wapumzike.

"Fundi, kuku gani hao wanakula wali kila siku ya Mungu? Mimi mwenyewe siku hizi natamani kuzaliwa kuku wako."

"Njoo, nafasi ipo."

"Wanataga lakini?"

"Wanakula tu. Si unawajua kuku wa siku hizi. Na yule mwekundu ana kiburi, akishiba hata hanitazami."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bi Upawa alicheka kuliko wote. Siku nyingine alimwuliza habari za yule mwekundu hata kabla ya kumwamkia.

Binti yake Bi Upawa, aliyekuwa anakuja mara moja moja kumsaidia mama yake kuosha mchele, alitazama siku moja akasema, "Mama, huyu babu mbona anapungua? Kamba ya aproni inamzunguka mara mbili."

"Ndivyo alivyo. Washonaji hawanenepi, wanakaa na pini mdomoni."

"Anakula wapi?"

"Kwake. Mtu ana mtoto ng'ambo, wewe unamhurumia? Kachambue mchele."

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Bi Upawa alikuwa amelisema hilo kwa wengine mara nyingi, huku vidole vyake vikinukia maharage.

Kisha ikaja siku moja, siku ya kawaida tu, ambayo baadaye haikumtoka kichwani. Jirani mmoja mwenye mbuzi alipita asubuhi, akaomba makombo, na Bi Upawa akamwahidi. Fundi alipomaliza kupakua akaja na mfuko wake uliokunjwa vizuri, akakuta sufuria limekwisha kukwanguliwa.

"Leo ukoko nimempa mwenye mbuzi, Baba. Kuku wako wavumilie."

Fundi aliukunja tena ule mfuko, akaulainisha kwa kiganja kama anavyolainisha kitambaa kabla ya kukikata. "Watavumilia," akasema.

Baada ya hapo alikuja siku chache, kisha hakuja. Siku ya kwanza wakasema ana wageni. Siku ya pili Kinyozi akasema yule mwekundu kamfungia ndani. Siku ya tatu Bi Upawa alijifunga mtandio wake asubuhi, akaichukua aproni, ambayo kamba yake ilikuwa imekatika, na mfuko wa ukoko wa jana, akaenda kubisha. Binti yake alifuatana naye.

Kilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Cherehani imefunikwa shuka. Nyuzi zimepangwa rafu nzima kwa rangi, nyeupe mpaka nyeusi, ingawa mwenyewe siku hizi hakuweza kutofautisha kijani na buluu. Fundi alikuwa kitandani, kifua kinamlilia kama mlango usiotiwa mafuta.

"Karibuni, wanangu. Samahani, siwezi kuinuka."

"Nani kakwambia uinuke? Nimekuletea kazi." Bi Upawa alimwonyesha aproni. "Kamba imekatika. Nani wa kuishona kama si wewe? Kinyozi katoa sindano, nikamwambia hicho si kichwa cha mtu."

Fundi akatabasamu. Wakaulizana hali. Binti akaanza kupangusa meza. Kisha Bi Upawa, kwa wema ule ule uliomleta siku zote, akauliza, "Na kuku? Nani anawalisha wewe ukiwa hivi?"

Fundi alivuta blanketi mpaka kidevuni.

"Nimekuja na chakula chao. Nikawatupie?"

Fundi alitazama dari. "Wako nyuma," akasema, kama mtu anayetoa ufunguo wa nyumba.

Bi Upawa akafungua mlango wa nyuma, akatoka na mfuko wake.

Palikuwa na ua mdogo uliofagiliwa, bado una mistari ya ufagio. Kamba ya kuanikia, na kanzu moja juu yake. Bomba la maji. Alitafuta banda kwa macho, kisha akatafuta unyoya, kisha akatafuta hata kinyesi. Ua ulikuwa safi kama mkeka wa kuswalia. Alitaka hata kuita, "Ku ku ku," kama watu wanavyoita, na mdomo ukawa mzito.

Kwenye kizingiti cha dirisha, kivulini, palikuwa na bakuli lililofunikwa kisahani. Akafunua. Ndani mlikuwa na ukoko ulioloweshwa maji ukavimba na kulainika, umenyunyiziwa chumvi, na kijiko kimesimama katikati.

Alisimama pale. Yalimjia moja moja, kwa taratibu, kama watu wa foleni: lile pindo la kanzu alilolivuta, "Mimi nilikuwa...", neno alilolikata na ambalo hakupata kuuliza lilikuwa linakwenda wapi, kamba inayozunguka kiuno mara mbili, na mbuzi. Zaidi ya yote, mbuzi. Kila siku mzee yule alikuwa amesimama juu ya sufuria lililojaa, mvuke unampiga usoni, anawagawia watu chakula alichokuja kukiomba. Na yeye ndiye aliyemfunga aproni.

Alikirudisha kile kisahani vile vile kilivyokuwa. Akauficha mfuko chini ya mtandio, akapangusa uso, akarudi ndani.

"Nimewaona," akasema.

"Eeh."

"Wanene, mashallah. Yule mwekundu nusura aninyang'anye mfuko."

Binti yake alimtazama mama yake, kwa maana sauti ile ya kuvuka barabara ilikuwa imekuwa ndogo ghafla. Fundi hakumtazama mtu. Akasema, "Ana kiburi yule," akageukia ukutani.

Kumpelekea mgonjwa chakula hakuna aibu kwa yeyote, na Bi Upawa alishukuru kwamba Mungu ameuacha mlango huo wazi. Alipika kwake, kwa sufuria ndogo, uji na mchuzi laini, akapeleka asubuhi na jioni. Fundi alikula. Alikula polepole mno, akipumzika katikati, kama mtu anayesoma barua kwa macho mabovu.

Na jikoni, alikusanya wahudumu wote. "Kuanzia leo anayepakua anakula. Hapa hapa, kabla hajashika upawa. Wanaume sinia lao, wanawake lao."

Kinyozi aliacha kusugua. "Dada, kulikoni? Umeota nini?"

"Nimechoka kutema."

Akawa wa kwanza kukunja mguu mkekani, mbele ya foleni nzima, akafinyanga tonge, akalimeza. Watu walitazamana.

"Kumbe maharage yanapungua chumvi," akasema.

"Leo ndiyo unajua?" akajibu mtu mmoja pale ukutani. "Sisi tulidhani ni ugonjwa wa presha mnatukinga nao."

Fundi alirudi akiwa mwepesi kama shati juu ya kamba. Akakaa kwenye sinia la wanaume, akala pamoja nao, na hakuna aliyemtazama, kwa sababu kila mhudumu alikuwa anakula. Lakini tumbo lililofundishwa kidogo halisahau upesi. Matonge machache, anashukuru, anaosha mkono. Na kazi ikiisha, sufuria likikwanguliwa, bado alikuja na mfuko wake. Ilimbidi aje. Angewaacha vipi kuku ambao mtaa mzima unawajua?

Bi Upawa sasa alikuwa anaujaza mwenyewe. Chini aliweka wali laini na maharage na kipande cha nyama kikiwepo, juu akafunika kwa ukoko. "Wasalimie," alisema. Fundi aliupima mfuko kwa mkono, mkono uliojua uzito wa kila kitu, akajibu, "Watafurahi." Zaidi ya hapo hawakuzungumza.

Alitaka kumwomba radhi. Kila siku alilala akiwa amelipanga neno, na kila siku liligoma kwa sababu ile ile: ili aseme nisamehe, ilibidi aseme kwanza kwamba kuku hawapo. Mtu aliyemvisha maisha yake yote, yeye amvue nguo ili moyo wake upate kupumua? Alimwendea Imamu, akamwuliza bila kutaja jina.

"Mtu kamkosea mwenziwe, Shekhe. Na kumwomba radhi ni kumfunua. Afanye nini?"

"Amsitiri, amfanyie wema, amwombee dua."

"Inatosha?"

Imamu alizungusha tasbihi. Safari hii hakucheka. "Sijui, Bibi," alisema.

Baridi ilipoingia kifua kilirudi, na mara hii hakikuondoka peke yake. Daktari alisema ni mapafu. Bi Upawa hakubishana na daktari.

Alizikwa alasiri, watu wakajaa mpaka barabarani, nusu yao wamevaa viraka vyake. Kabla ya jeneza kuinuliwa Imamu alisimama akasema maneno yanayosemwa: anayemdai marehemu chochote ajitokeze, au amsamehe. Watu wakaitikia kwamba wamemsamehe. Bi Upawa, upande wa wanawake, alingoja swali la pili, kama kuna anayedaiwa na marehemu, naye afanye nini. Halikuulizwa. Jeneza likaenda.

Waliporudi jikoni Kinyozi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho mekundu, hana mzaha hata mmoja. Ghafla akainua kichwa.

"Jamani, na kuku wake? Tumewasahau."

Bi Upawa alikuwa anaitundika aproni msumarini. Kamba yake Fundi aliishona akiwa kitandani, mshono wa kupapasa, lakini haukuachia.

"Nimewachukua mimi," akasema.

"Wote?"

"Wote."

"Afadhali," Kinyozi akashusha pumzi. "Nilishaanza kuwaza. Wasije wakafa na njaa, na yeye alivyowapenda."

Tangu hapo Kinyozi huubandua ukoko mwenyewe kila siku kabla ya kumwaga maji, anautia kwenye mfuko, anampa Bi Upawa. "Wa Fundi hao," anasema. Bi Upawa hupokea, hukatiza mtaa akiubeba mbele ya watu, na anayemwuliza yule mwekundu hajambo hujibiwa kwamba hajambo.

Kwake hakuna kuku. Hufunga mlango, hutafuta bakuli, huloweka, hunyunyiza chumvi. Mara ya kwanza binti yake alimkuta mezani na kijiko.

"Mama, unakula nini hicho, na jikoni umekula?"

"Ukoko."

"Una ladha gani?"

Bi Upawa alitafuna sana kabla ya kujibu. "Mgumu," alisema. "Hata ukiuloweka, mgumu." Akachota kijiko kingine.